Mizani ya Pamba na Daraja la Busisi

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja linalovuka Ghuba ya Mwanza kutoka Kigongo, upande wa Misungwi, hadi Busisi, upande wa Sengerema. Daraja hilo lina urefu wa kilometa 3, nalo limepewa jina la marehemu Rais John Pombe Magufuli, ambaye kazi ya kulijenga ilianza wakati wa utawala wake. Mtu aliyewahi kungoja kivuko pale Busisi, jua la saa nane likimwakia kichwani, lori la mananasi mbele yake na gari la wagonjwa nyuma yake, hana haja ya kuelezwa thamani ya daraja hilo. Mahali palipokuwa pakila nusu ya siku wakati wa msongamano, sasa panapitwa kwa dakika chache.

Watu wa Sengerema wamefurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini yafaa tukumbuke kwamba daraja ni njia tu. Njia hupitisha mali kwenda na kurudi, wala haiulizi mali hiyo ni ya nani na itamshibisha nani. Lori linaloweza kuleta saruji na mbolea kwa bei nafuu ndilo hilo hilo linaloweza kuingia kijijini alfajiri, likanunua mpunga na mihogo kwa bei ya kutupa kwa mtu asiyejua bei ya Mwanza, likatoka kabla jua halijachwea. Na wale akina mama waliokuwa wakiishi kwa kumuuzia msafiri samaki wa kukaanga akiwa anangoja kivuko, msafiri wao hangoji tena.

Kwa hiyo swali lililo mbele ya Sengerema ni hili: nani atapanga yatakayofuata baada ya daraja? Wilaya moja haiwezi kupanga peke yake. Mashariki yake, ng'ambo ya ghuba, ipo Misungwi; magharibi ipo Geita, ambayo tangu mwaka 2012 ni mkoa mwingine; na Buchosa, iliyokuwa ikitawaliwa pamoja nayo, sasa ina halmashauri yake. Kila moja ina bajeti yake, madiwani wake na mpango wake wa maendeleo uliopigwa mhuri. Lakini samaki hawajui mpaka wa halmashauri, wala mwamba wa dhahabu haujui mpaka wa mkoa.

Swali hilo si geni katika nchi hii ya Uzinza na Usukuma. Liliulizwa miaka 70 hivi iliyopita, likajibiwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na wazee wengi walizionja njia zote mbili.

Jibu la kwanza lilikuwa la Serikali ya kikoloni. Mwaka 1947 ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ambao makao yake yalikuwa Malya. Tusiwe wadhalimu kwa kusema kwamba mpango ule haukuwa na akili ndani yake. Waliouandika waliona kweli kwamba ardhi ya Kwimba na Mwanza imechoka, kwamba ng'ombe wamezidi malisho, na kwamba upande wa Geita, ambao wakati ule ulikuwa pamoja na Sengerema ya leo, kulikuwa na pori kubwa linaloweza kupokea watu. Wakafungua njia, wakachimba mabwawa, wakawahimiza watu wahame kuvuka ghuba. Wengi walihama, na ndiyo sababu katika vijiji vingi vya Sengerema utasikia Kisukuma na Kizinza vikizungumzwa katika nyumba jirani.

Kosa lilikuwa mahali pengine. Mpango ulikuja pamoja na amri: lima matuta ya namna hii, weka samadi, punguza ng'ombe, panda ekari kadhaa, na asiyetii atozwe faini au afungwe. Mkulima hakuulizwa lolote. Machifu waliwekwa mbele ili amri zipate sura ya nyumbani, nao wakachukiwa kwa ajili ya amri zisizokuwa zao. Jambo ambalo lingefanywa kwa hiari kama lingeelezwa, likafanywa kwa hasira, na siku fimbo ilipolegea, matuta yakaachwa. Ilipofika mwaka 1958 watawala wenyewe walikuwa wamekwisha kulegeza amri hizo.

Jibu la pili lilitoka kwa wakulima, nalo lilianza na kitu kidogo sana: mizani.

Msomaji kijana pengine hajui jinsi pamba ilivyouzwa siku zile. Mkulima alipalilia tangu mvua za mwisho wa mwaka, akavuna kuanzia mwezi wa tano, yeye na mkewe na watoto wakachambua safi huku na fifi huku, kisha akajitwika mzigo hadi kwenye soko la mnunuzi. Huko mizani ilikuwa ya mnunuzi, karani wa mizani alikuwa wa mnunuzi, na bei iliyoandikwa kwenye kitabu ilikuwa ya mnunuzi. Mkulima alisimama upande wa pili, akaambiwa ratili zake, akapokea fedha, akaondoka. Alijua moyoni kwamba ameibiwa. Lakini kujua moyoni hakumpi mtu ushahidi.

Katika mwaka 1950 na ule uliofuata wakulima wakapata maarifa. Wakaweka wapimaji wao, wenye mizani yao wenyewe, karibu na masoko ya wanunuzi. Mkulima alilipa ada ndogo, akapimiwa pamba yake kwanza, akaenda kwa mnunuzi akiwa na uzito wake kichwani. Hapo ndipo wizi ulipoonekana wazi, maana mzigo uleule ulikuwa mzito kwenye mizani moja na mwepesi kwenye mizani nyingine, na umbali kati ya mizani hizo mbili ni hatua chache tu.

Mtu aliyelishika jambo hili na kulipa umbo alikuwa Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, na ambaye tangu mwaka 1947 alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Yeye na wenzake walitembea vijiji kwa vijiji wakiwaambia wakulima kwamba mizani peke yake haitoshi. Kwamba mnunuzi akikamatwa katika mizani ataiba katika bei, na akikamatwa katika bei ataiba katika kiwanda cha kuchambulia. Kwa hiyo vikaundwa vyama vya msingi vijijini, vyama hivyo vikaungana katika vyama vikuu, na mwaka 1955 vyama vikuu vikaungana vyote katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria. Ilipofika mwaka 1959 karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilikuwa ikipitia mikononi mwa shirikisho hilo, nalo likahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vilivyomilikiwa na Waafrika barani.

Twaomba msomaji asipite upesi hapa. Chama cha msingi kimoja, chenye wanachama 100 au 200, hakiwezi kukodi malori kwa msimu mzima. Hakiwezi kukopeshwa na benki. Hakiwezi kuota ndoto ya kujenga kiwanda. Lakini mamia ya vyama kama hivyo, kutoka Geita hadi Maswa, kutoka Ukerewe hadi Shinyanga, vikitoa kila kimoja senti chache kwa kila ratili, vinaweza. Na viliweza: kiwanda cha kwanza cha shirikisho cha kuchambulia pamba kilifunguliwa mwaka 1956 pale Kasamwa, katika wilaya ya Geita, ng'ambo ileile ya ghuba ambayo mabwana wakubwa walikuwa wakiiita pori. Marobota yaliyotoka pale yalikuwa mali ya watu waliolima pamba yenyewe. Hakuna amri iliyotolewa, hakuna mtu aliyefungwa.

Na umoja wa kiuchumi ulizaa umoja mwingine. TANU ilizuiwa katika sehemu hizi tangu mwaka 1954 hadi 1958, na katika miaka hiyo vyama vya pamba ndivyo vilivyowafundisha watu kukaa katika mkutano, kuchagua mwenyekiti, kuuliza hesabu na kumwondoa mtu asiyefaa. Haikuwa ajabu basi kwamba mwaka 1958, Serikali ilipowaletea watu wa Geita baraza la wilaya la mataifa mbalimbali ambalo hawakulitaka, watu wengi walifunga safari hadi Mwanza kupeleka malalamiko yao. Walikuwa wakulima wa kawaida, wake kwa waume. Walitawanywa kwa moshi wa kutoa machozi, viongozi wao wakakamatwa. Lakini baraza lile halikudumu. Watu wa Sengerema walikuwamo katika habari hiyo, kwa kuwa wilaya yao haikutengwa na Geita mpaka mwaka 1975.

Ingekuwa vizuri kama tungeweza kuiacha hadithi hapa. Lakini gazeti linalowapendezesha wasomaji wake kwa nusu ya kweli haliwatendei haki.

Shirikisho lilikua upesi kuliko macho ya wenye mali. Bomani mwenyewe aliitwa kwenye Serikali, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Vyama viliongezewa mazao mengine na kazi nyingine. Makarani walikuwa wachache na hesabu zilikuwa nyingi. Makato yakaongezeka: haya ya chama cha msingi, haya ya chama kikuu, haya ya bodi, na mkulima aliyekuwa amefungua macho mbele ya mizani ya mnunuzi wa zamani akajikuta amesimama tena upande wa pili, safari hii mbele ya mizani ya chama chake mwenyewe. Kamati maalumu ya Rais ilichunguza ushirika nchini mwaka 1966, ikaona wizi, upendeleo, na wanachama wasioelewa chama chao kinaendeshwaje. Mwisho wa miaka ile ya 1960 shirikisho liligeuzwa kuwa chama kikuu kimoja, Nyanza, na mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vikavunjwa, kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini vilirudi vikiwa dhaifu, vikiwa na madeni. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa kila mtu katika msimu wa 1994 na 1995, wanunuzi binafsi wakaingia kwa wingi, na viwanda vingi vya ushirika vikanyamaza.

Kuna jambo moja la aibu ambalo yatupasa kulitaja. Katika miaka hiyo ya soko huria, safi na fifi vikinunuliwa kwa bei moja, wakulima wengine walianza kutia maji na mchanga katika pamba ili iwe nzito. Mjukuu wa yule aliyelipa ada apimiwe pamba kwa haki akawa yeye mwenyewe anaidanganya mizani. Wakubwa wakalaani tabia mbaya ya vijijini. Sisi twaona kwamba mtu huheshimu mizani aliyo na sehemu ndani yake. Mizani isipokuwa ya mtu yeyote, kila mtu huivizia. Tangu mwaka 2018 Serikali imeagiza pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, na hilo ni jema. Lakini chama cha msingi kilichoundwa kwa agizo bado kina kazi ya kuwa chama cha wanachama.

Jambo kama hilo limeonekana majini pia. Sangara aliyepandikizwa katika ziwa katika miaka ya 1950 na 1960 alileta viwanda Mwanza na fedha za kigeni, akaleta vilevile makokoro na nyavu za macho madogo zinazokomba samaki wachanga. Nchi tatu zenye ziwa zilitia sahihi mwaka 1994 mkataba wa kuunda shirika moja la uvuvi, lenye makao yake Jinja. Na mwaka 1997 serikali za mitaa za kando ya ziwa katika Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda umoja wao. Hayo ni mambo ya maana, na yanaonyesha kwamba umoja wa kuvuka mipaka si ndoto. Lakini mwaka 2018 operesheni ilipopita mialoni na nyavu haramu zikachomwa moto, wavuvi wengi walijihisi kama walivyojihisi wakulima wa Malya wakati wa matuta. Nyavu zile zilistahili kuondolewa. Ila kazi hiyo hudumu zaidi inapofanywa na vikundi vya wavuvi wenyewe vya kulinda rasilimali za ziwa, kama vikipewa nguvu na fedha badala ya jina tu.

Sasa tunarudi Sengerema, maana mizani mpya imekwisha kuletwa huko. Ni mizani ya dhahabu.

Katika kata ya Igalula uko mradi wa Nyanzaga. Serikali ilitia sahihi mapatano yake Desemba 2021, na mwaka 2025 kampuni ya Perseus ya Australia, iliyoupata mradi huo mwaka mmoja kabla, ilitangaza kwamba imekata shauri kujenga mgodi, ikitazamia dhahabu ya kwanza mwaka 2027. Kwa sheria ya madini Serikali hupata hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia, na mrahaba huenda Serikali Kuu. Halmashauri ambamo mgodi umo hupata ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo, na tangu marekebisho ya mwaka 2017 kampuni lazima ikubaliane na halmashauri juu ya mpango wa kila mwaka wa kuisaidia jamii. Sheria inadai pia kwamba bidhaa na huduma za wananchi zitangulizwe.

Hapa ndipo penye hatari. Fikiria jiko la mgodi. Linataka mchele, mahindi, mboga, samaki, mayai na matunda, kila wiki kiasi kilekile, kwa ubora uleule, kwa ankara na risiti, na malipo baada ya siku kadhaa. Chama cha msingi cha kijiji kimoja hakiwezi. Kitaleta wiki ya kwanza na ya pili, wiki ya tatu kitaishiwa, na mkuu wa ghala atapiga simu Mwanza. Na kwa kuwa daraja lipo, lori litafika mchana uleule. Mkulima wa Igalula ataliona likipita. Hakuna atakayekuwa amevunja sheria.

Lakini weka pamoja mpunga wa Misungwi, dagaa na sangara wa visiwa vya Kome na Maisome kule Buchosa, mahindi na mihogo ya Sengerema na mananasi ya Geita, na jiko hilo litalishwa mwaka mzima na watu wa pande hizi, na litabaki la kupeleka katika masoko ya Mwanza. Hesabu ni ileile ya mwaka 1955: kinachowashinda 100 hakiwashindi maelfu. Vyama vya msingi vya wilaya hizi nne vingeweza kuwa na ghala moja, jokofu moja la samaki, karani mmoja anayejua ankara, na mizani moja ambayo kila chama kina mtu wake wa kuitazama.

Twamsikia diwani wa Sengerema akiguna. Dhahabu iko kwetu, asema; vumbi ni letu, waliohamishwa makaburi na mashamba ni watu wetu; kwa nini Misungwi na Buchosa waketi mezani petu? Ni swali la haki, na aliyepoteza shamba lazima atangulie kila mtu katika fidia na katika ajira. Wala hatusemi ushuru wa huduma ugawanywe. Tunasema mipango iwekwe pamoja. Maji yakichafuka hayatasimama kwenye mpaka wa kata, na bei ya chumba na ya kiroba cha unga ikipanda kwa sababu ya mshahara wa mgodini, itapanda hata kwa mwalimu wa Nyehunge asiyepata senti ya mgodi. Isitoshe, dhahabu haioti tena msimu unaofuata. Siku mwamba utakapokwisha, Sengerema itabaki na majirani walewale, na ama itakuwa imejenga nao ghala na viwanda, ama itakuwa imebaki na shimo.

Diwani mwingine atasema kwamba Kamati ya Ushauri ya Mkoa ipo na inatosha. Kamati hiyo hushauri, na hushauri ndani ya mkoa mmoja, Geita haimo. Na ndani yake mkulima na mvuvi husemewa na wengine. Twataka meza ambayo vyama vya ushirika vya wakulima, vikundi vya wavuvi na vyama vya wafanyakazi wa mgodini vina viti vyao kwa haki, pamoja na halmashauri, na ambayo kumbukumbu zake husomwa katika mkutano wa kijiji, siyo kufungiwa katika kabati la mtendaji.

Kuianza haihitaji fedha nyingi. Busisi iko katikati. Mtu wa Misungwi huvuka daraja tu, wa Geita, wa Sengerema mjini na wa Nyehunge huja kwa basi na kurudi siku hiyo hiyo. Kikao cha kwanza kisiwe na hotuba. Kiwe na karatasi tatu mezani: mpango wa kampuni wa kuisaidia jamii, orodha ya vitu ambavyo mgodi unanunua kila mwezi na bei zake, na hesabu ya ushuru wa huduma tangu shilingi ya kwanza. Zisomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya wajumbe wa vyama. Na akina mama wa samaki wa pale kivukoni, ambao biashara yao imeondoka na kivuko, wawe wa kwanza kuulizwa wangeweza kupeleka nini katika jiko lile.